Firigisi ya baba, mchuzi wa mtoto

Kuku mmoja ana mapaja mawili, mabawa mawili na firigisi moja. Watoto wanaweza kugombea paja mpaka mama aingilie kati, lakini firigisi haina mgogoro: ni ya baba. Zipo nyumba ambazo hata baba akiwa safarini firigisi hukaangwa, ikafunikwa kwenye kibakuli, ikamsubiri. Mtoto akiidokoa jikoni anajua kosa lake ni kubwa kuliko kudokoa sukari.

Desturi hii haina kabila moja. Magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya, firigisi huitwa imondo, na mke aliyemtengea mumewe kuku asiye na imondo alikuwa na maelezo ya kutoa. Kwa Waganda wa zamani mambo yalikuwa makali zaidi: mwanamke hakula kuku kabisa, wala mayai. Alimfuga kuku, akampika kwa ustadi, akawatengea wanaume. Tanzania nako ziko familia nyingi zilizolelewa hivyo, kila moja ikidhani ni mila ya kwao peke yao.

Kata ya Kilakala, chini ya milima ya Uluguru katika Manispaa ya Morogoro, ni mahali pazuri pa kuitazama desturi hii, kwa sababu nyumba zake zimechanganyika. Wapo wenyeji Waluguru, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama. Wapo waliokuja kwa kazi, masomo na biashara kutoka Kilimanjaro, Iringa, Kagera na Pwani. Misikiti na makanisa ni majirani. Mchaga akioa Mluguru, au Mhehe akiolewa na mtu wa Pwani, vyungu viwili hukutana katika jiko moja, na kila kimoja kimekuja na sheria zake kuhusu nani anakula nini.

Sheria hizo huonekana wazi zaidi kwenye nyama za ndani: maini, moyo, figo, bandama, mapafu, utumbo na firigisi. Na hapo ndipo suala linapoacha kuwa la mila tu, likawa la damu ya mtoto.

Nani anahitaji nini

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ilikuwa asilimia 45. Maana yake, kwenye benchi la kliniki wakikaa watoto kumi, watano au sita damu yao haitoshi. Mtoto wa namna hiyo huchoka haraka, huugua mara kwa mara, na darasani huonekana mzito wa kuelewa wakati kichwa chake hakina kasoro.

Sababu za upungufu wa damu ni nyingi. Malaria inachangia, minyoo inachangia, na wapo watoto wenye selimundu. Lakini sababu moja kubwa ni chakula kisicho na madini chuma ya kutosha, na hapa kuna hesabu ambayo wazazi wachache wameisikia.

Kwa viwango vya lishe vinavyotumika Marekani, mwanamume mtu mzima anahitaji miligramu 8 za madini chuma kwa siku. Mtoto mchanga wa miezi 7 hadi 12, ambaye bado anatambaa, anahitaji miligramu 11. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji 15, na mama aliye katika umri wa kuzaa 18. Mjamzito anahitaji 27.

Hesabu hiyo inashangaza, lakini sababu yake ni rahisi. Mtoto anajenga mwili mpya kila siku, na akiba ya madini chuma aliyotoka nayo tumboni mwa mama huanza kuisha anapofikisha miezi sita. Msichana hupoteza damu kila mwezi. Mjamzito anatengeneza damu ya watu wawili. Baba mwenye afya hana mahitaji hayo, na mwili wake hutunza vizuri madini chuma aliyokwisha kuyapata.

Sasa iweke hesabu hiyo mezani siku ya kuku. Anayehitaji 8 anapewa firigisi na maini. Anayehitaji 11 anapewa ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Mchuzi una ladha na una mafuta, lakini madini chuma mengi yamebaki ndani ya nyama iliyokwenda kwenye sahani nyingine. Mzazi hakufanya hivyo kwa ubaya. Alipika kwa upendo na akagawa kama alivyogawiwa.

Kila kiungo na kazi yake

Watu wengi husema nyama za ndani zinaongeza damu, kana kwamba zote ni sawa. Haziko sawa, na buchani ni vizuri kujua tofauti.

Gramu 100 za nyama ya ng'ombe ya kawaida iliyopikwa huwa na miligramu 2 hadi 3 za madini chuma. Maini ya ng'ombe kiasi hicho hicho yana karibu 6, na moyo na figo ziko jirani na hapo. Maini ya kuku yanafika 11. Firigisi yenyewe ina kama 3, kwa hiyo heshima yake ni kubwa kuliko nguvu yake. Bandama, ambayo buchani nyingi hupewa mwenye mbwa, ndiyo inayoongoza: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 30.

Utumbo uko upande wa pili wa orodha. Ni mtamu, bei yake ni nafuu, na supu yake asubuhi na chapati haina mpinzani. Una protini ya kutosha pia. Lakini madini chuma yake hayafiki hata miligramu moja kwa gramu 100. Familia inayokula utumbo kila wiki ikiamini inaongeza damu inajidanganya bila kujua. Hali ni hiyo hiyo kwa juisi nyekundu za bitiruti na rozela. Ni nzuri kwa kiu na kwa afya, ila rangi nyekundu haigeuki damu kwa sababu tu inafanana nayo.

Jambo jingine ni kwamba madini chuma ya nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko yale ya mchicha, maharage au matembele. Hii haina maana mboga ziachwe. Nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga huusaidia mwili kuchukua hata madini ya mboga. Chungwa, limau au nanasi vinasaidia vilevile, na Morogoro matunda hayo hushuka kila siku kutoka milimani. Kinachoharibu ni chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini chuma yasifyonzwe. Isubiri saa moja.

Ini lililopata tuzo

Wazee waliosema ini ni dawa hawakuwa mbali na ukweli. Nchini Marekani, George Whipple aliwatoa damu mbwa, kisha akawalisha vyakula mbalimbali kuona kipi kinairudisha haraka. Ini liliongoza. Mwaka 1926 madaktari wawili, George Minot na William Murphy, walitangaza kuwa wamewalisha maini kila siku wagonjwa 45 wa aina moja ya upungufu wa damu ambayo siku zile ilikuwa inaua, na wakaimarika. Mwaka 1934 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Ugonjwa ule haukuwa wa madini chuma. Baadaye, mwaka 1948, ikatambulika kuwa kilichowaponya ni vitamini B12, ambayo maini yamejaa.

Kiswahili nacho kimeliheshimu ini. Maneno yanayoumiza sana ni maneno ya kukata maini. Jambo likiharibika, limetumbukia nyongo, na kila aliyewahi kuchinja anajua msemo huo umetoka wapi: kifuko cha nyongo kikipasuka, ini lote linakuwa chungu.

Onyo kwa mjamzito na mtoto mdogo

Nguvu ya ini ndiyo pia hatari yake. Limejaa vitamini A kiasi kwamba gramu 100 za maini ya ng'ombe zinapita mara tatu kiwango cha juu ambacho mjamzito hapaswi kukizidi kwa siku. Vitamini A ya namna hiyo ikizidi, hasa miezi mitatu ya mwanzo wa mimba, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Uingereza wajawazito hushauriwa waache maini kabisa.

Kwa hiyo ile desturi ya kumletea mjamzito sahani ya maini kila siku "aongeze damu" ina nia njema na inafaa isimame. Mjamzito ana njia salama: vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, ambavyo havifai kuachwa kwa sababu vinachafua tumbo au kubadili rangi ya choo. Nyama ya kawaida, moyo na bandama havina wingi huo wa vitamini A, na samaki na dagaa pia wapo.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita hadi miaka mitano, kijiko kimoja cha chakula cha maini mara moja kwa wiki kinatosha. Yapikwe mpaka yaive kabisa, yapondwe, yachanganywe kwenye viazi, ndizi au ubwabwa laini. Siku nyingine apewe yai, samaki, dagaa waliosagwa au nyama iliyokatwakatwa. Mtoto mwenye selimundu asipewe vidonge vya madini chuma bila daktari kusema.

Baba naye asijione ameachwa nje. Nyama za ndani zikizidi huongeza asidi ambayo huleta gauti, na anayezila kila jioni na bia mkononi ndiye wa kwanza kuamka kidole gumba cha mguu kimevimba.

Kinyaa hufundishwa

Baadhi ya nyumba hazina shida ya ugawaji. Shida yao ni kinyaa. Mtoto anaona bandama, anakunja uso, anasema "hiyo ya mbwa". Mzazi anacheka, na jambo linaishia hapo.

Lakini kinyaa hicho hakuzaliwa nacho. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajajua kusoma herufi. Dada akiziba pua wakati utumbo unaoshwa, mdogo wake ameshapata somo. Ukiangalia dunia, utaona jinsi masomo hayo yanavyotofautiana. Uskochi hupika moyo, ini na mapafu ya kondoo ndani ya tumbo lake, wakakiita haggis, na kila tarehe 25 Januari hukiandalia karamu ya kitaifa. Marekani, kwa upande wake, ilipiga marufuku mapafu yasiuzwe kama chakula cha binadamu mwaka 1971, na haggis halisi haiingii huko. Wafaransa hulipa fedha nyingi kwa ini la bata.

Dini nazo zina mipaka yake, na hiyo ni ya kuheshimiwa. Kwa Waislamu damu inayochuruzika ni haramu, lakini ini na bandama vimehalalishwa kwa hadithi ya Mtume. Wayahudi wanaoshika sheria huchoma ini juu ya moto kwanza ili damu iliyobaki itoke. Kilimanjaro, Wachaga wana kisusio, supu inayotiwa damu ya mbuzi. Katika nyumba ya Kilakala ambayo mume ni wa Rombo na mke ni Mwislamu, kisusio hakiwezi kulazimishwa mezani. Maini na bandama ya mnyama aliyechinjwa kihalali vinaweza kuliwa na wote wawili, na watoto wao pia.

Mipaka ya imani ni jambo moja, kukunja uso ni jingine. Mzazi anaweza kumwambia mtoto "sisi hatuli hiki kwa sababu ya imani yetu", na mtoto akaelewa. "Hicho ni chakula cha maskini" ni somo la dharau, na mtoto atakwenda nalo hadi kwenye sahani ya jirani.

Mkutano kuliko hotuba

Je, mazoea ya mezani yanabadilika? Yamewahi kubadilishwa, na namna ilivyofanyika ina funzo kwa mzazi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipeleka nyama nyingi kwa askari, na serikali ikataka familia zile mioyo, figo na viungo vingine ambavyo akina mama wengi waliviona vya aibu. Mtaalamu wa saikolojia Kurt Lewin alifanya jaribio na vikundi vya akina mama. Baadhi walipewa mhadhara mzuri: vitamini, gharama, uzalendo, hata mapishi. Wengine walikaa kwa muda ule ule wakazungumza wao kwa wao. Walitaja kinachowakera, harufu, mume atakayenuna, na mwishoni wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu wiki hiyo, wakanyoosha mikono. Waliosikia mhadhara, ni asilimia 3 tu waliokwenda kupika nyama hizo. Waliozungumza na kuamua pamoja walikuwa asilimia 32.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Mama aliyesikia ushauri kliniki na kuanza ghafla kumnyima baba firigisi anatafuta ugomvi. Baba anayeamuru watoto wale bandama huku yeye mwenyewe amekunja uso anapoteza muda. Bora jambo lizungumzwe kabla ya kwenda sokoni, kila mtu aseme lake, na bibi kama yupo apewe nafasi ya kueleza kwao walifanyaje. Mara nyingi wazee wana sababu nzuri kuliko zinavyodhaniwa. Firigisi ilikuwa heshima kwa mtu aliyebeba mzigo wa nyumba, na zamani kuku alichinjwa mara chache kwa mwaka.

Leo hali ni nyingine. Firigisi na maini ya kuku vinauzwa kwa kilo, na nusu kilo inatosha kila mtu mezani. Baba anaweza kuendelea kupewa firigisi yake kwa heshima zote, na maini yakaenda kwa mtoto na binti. Heshima haipungui kwa kugawanywa. Baba akimega kipande chake mbele ya watoto na kumpa mdogo kabisa, mila imebaki na damu imeongezeka.

Kabla ya kuweka sufuria

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, maana ini ndilo hubeba minyoo bapa na vifuko vya maji ambavyo mkaguzi hutafuta machinjioni. Ini zuri linang'aa, halina madoa meupe wala harufu kali. Ukikuta minyoo au vifuko, usilipike, na usimtupie mbwa, kwa kuwa ugonjwa wa vifuko hivyo humwingia mbwa na kurudi kwa watoto wanaocheza naye. Lichome au lifukie kwenye shimo refu.

Kama harufu inawakera watoto, loweka maini kwenye maziwa au maji ya limau kwa nusu saa. Yakaange kwa kitunguu, nyanya na pilipili hoho, moto wa wastani, na uyaepue mara tu katikati ikiisha wekundu. Yakizidi moto yanakuwa kama soli ya kiatu, na wengi wanaosema hawapendi maini kumbe hawapendi soli. Bandama kata vipande vidogo, changanya na nyama ya kusaga, weka kwenye mchuzi mzito.

Mtoto akikataa mara ya kwanza, usimlazimishe wala usimcheke. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika. Mwekee kidogo, kula chako mbele yake kwa furaha, kisha mwachie.

Na kama mtoto amepauka viganja na ndani ya kope, anachoka kucheza, au anakula udongo, usianze na ini wala juisi. Mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu, malaria na minyoo. Kipimo cha wingi wa damu ni kidogo, kinachukua tone moja la damu kidoleni, na vipimo hivyo ndivyo vitakavyosema kama sahani ya nyumbani inatosha au mtoto anahitaji dawa.